Ng'ombe Mmoja kwa Pikipiki Kubwa

Asubuhi ile niliwakuta wanaume wawili mlangoni pa zizi, mmoja ameshika kamba. Mwenye kamba alikuwa mume wangu. Mwenzake alikuwa mfanyabiashara wa ngozi kutoka Singida mjini, amekuja na pikipiki kubwa nyeusi ambayo tangi lake lilikuwa linang'aa. Nilimwamkia mgeni kwa adabu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kamba.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza. Mume wangu alifundisha shule ya misheni, nasi tulikaa bondeni, chini ya mlima wa kupandia Kinampanda. Pikipiki tulikuwa nayo, si ndogo si kubwa, na kwenye tambarare ilitubeba vizuri. Ubaya wake ulikuwa mlimani. Ikibeba watu wawili na mtoto ilikohoa, ikazima, ikaanza kurudi nyuma. Na mtoto wetu alikuwa na kifua kibaya, kila mara tunamkimbiza hospitali ya Kiomboi. Safari ya mwisho tulipanda mlima ule kwa miguu tukiisukuma, na tulipofika daktari akatugombeza kwa kuchelewa. Tangu siku hiyo mume wangu hakuwa na hadithi nyingine ila pikipiki kubwa.

Ili atuachie yake, mgeni alitaka ile yetu pamoja na ng'ombe wa maziwa. Wa maziwa alikuwa mmoja tu, naye nilipewa na baba yangu nilipoolewa. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo mume hamtoi zizini. Mke ndiye anayeondoa magogo ya mlango kwa mikono yake mwenyewe, la sivyo wazazi wa mke watakuja juu. Ndiyo maana walisimama pale kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe.

"Fungua, mama mtoto," mume wangu akasema. "Mgeni ana safari."

"Na mtoto atakunywa nini?"

Alijua vizuri nilichokuwa nasema. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka kwa homa, na mtoto aliishi kwa ng'ombe yule.

"Tutaomba kwa jirani."

"Jirani yupi? Kiangazi hiki nani ana maziwa ya kugawa?"

Mgeni akacheka kidogo. "Shemeji, mtoto akizidiwa, utampandisha ng'ombe mpaka hospitali?"

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Nilishika gogo la juu, nikalivuta hadi nusu. Niliogopa kulitoa na niliogopa kuliacha. Nikamgeukia mume wangu anisaidie hata kwa jicho, nikamkuta anaitazama pikipiki. Hapo hasira zikanipanda, nikalirudisha gogo kwa kishindo.

"Ile yetu ikibeba mtu mmoja na mtoto, inapanda mlima?"

"Inapanda," akasema. "Lakini nani atamshika mtoto?"

"Wewe. Nitakufunga mtoto mgongoni kwa kanga, uende. Mimi nitafuata kwa miguu."

Mgeni alicheka mpaka akashika magoti. Mume wangu aliinama kama aliyepigwa. Kwetu mwanamume angeweza kubeba maiti, angeweza kubeba mzigo wa kuvunja shingo, lakini mtoto mgongoni, na kanga kifuani, hapana.

"Unanivunjia heshima mbele ya mgeni," akasema polepole.

"Basi chagua."

Aliitupa kamba chini akaingia ndani. Mgeni akaondoka na pikipiki yake. Baada ya hapo tuliishi kama wapangaji: chakula namwekea, anakula, anatoka. Kila mtoto alipokohoa nilijiuliza kama si mimi niliyemhukumu.

Mvua zikaanza, na Jumapili moja mtoto akaamka anahema kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Tulipanda pikipiki wote watatu. Chini ya mlima ikakohoa, ikaanza kurudi nyuma kwenye utelezi. Nikashuka haraka. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Nililia kwa sauti, nikasema kosa ni langu, heri ningemwachia mgeni yule ng'ombe.

Mume wangu alivua koti lake la kanisani, akalitundika kwenye kichaka, akanigeuzia mgongo na kuinama.

"Mfunge," akasema. "Kaza."

Nilimfunga mtoto kwa kanga yangu, fundo nikalirudia. Akawasha, akapanda mlima mpaka nikaacha kumwona. Juu kule ndipo ilipokuwa njia ya kanisani, na watu ndio kwanza walikuwa wanatoka ibadani, wazee wa kanisa, wanafunzi wake, wote. Nilisikia kicheko kikianza, kikikua, kisha nikasikia pikipiki ikipita katikati yao bila kupunguza mwendo.