Kreni ya Bosi

Nimekulia Uganda, ambako kreni ni yule ndege wa kwenye bendera. Kwa hiyo bosi wangu wa ghala la Masoro aliponiambia, “Jovia, kreni iko inakuja kesho, safisha pale uani,” nilishtuka. Hapa Rwanda kumfuga ndege huyo ni kosa! Nilihangaika jioni nzima, nikiogopa kufungwa pamoja na bosi. Kulipokucha nikamwita afisa wa wanyamapori. Tukamvizia bosi getini, afisa na kizimba chake, mimi na kiherehere changu.

Likaingia gari la winchi, shingo ya chuma imelala mgongoni. Bosi akashuka.

“Kreni ndiyo hii. Na huyu ni nani?”

Afisa akanigeukia. “Dada, Wazungu waliipa mashine hii jina la ndege kwa sababu ya shingo. Lakini manyoya iko wapi?”