Mwanamke wa Gatitu Aliyekwepa Maombi

Pale Gatitu, ukingoni mwa mji wa Nyeri, ukitaka kumwona Watiri akitoweka, tamka tu neno "tuombe." Chama chao cha akina mama hukutana nyumbani kwa Wangechi, mwenyekiti, na huku kwetu hakuna kikao kinachofunguliwa bila maombi. Hata watu wawili wakikutana kupanga jinsi ya kuzibua mtaro, mmoja lazima afumbe macho kwanza. Basi Wangechi huzungusha macho akitafuta wa kuomba, na kabla hayajafika kwenye kiti cha Watiri, Watiri yuko jikoni anaangalia kama maziwa yanafurika. Miaka mitano amelinda maziwa ya Wangechi, na hayajafurika hata mara moja.

Wenzake walisema ana haya. Wengine, wenye midomo mirefu, walisema ni maringo. Wote walikosea. Watiri alikuwa mwoga, na woga wake si wa kuchekwa, ingawa kisa chenyewe kina mahali pa kucheka.

Kabla ya Gatitu alikuwa mtu wa Boma. Boma lilikuwa huko juu, mahali mashamba yanapoishia na msitu wa Mlima Kenya kuanza: nyumba za mabati zilizozunguka ua mmoja. Mkuu wake aliitwa Mtumishi Peterson, mtu mwenye sauti ya chini, ile sauti inayokufanya uinamishe kichwa hata akikuuliza saa. Kinuthia, mumewe Watiri, ndiye aliyewapeleka huko. Binti yao wa pekee, Gathoni, alikuwa hajaanza kusema vizuri.

Watu wa Boma hawakunywa chai. Hawakusikiliza redio, hawakumsalimu aliyehama wala mtu wa nje, hawakukanyaga hospitali. Hayo yote Watiri aliyazoea, maana binadamu huzoea hata kulala kwenye kokoto. Sheria iliyomwingia hadi kwenye mifupa ni ile ya maombi. Boma lilikuwa na ombi moja tu, lililotungwa na Mtumishi, na wote walilitamka pamoja asubuhi na jioni wakiwa wamesimama, viganja vimeelekezwa mlimani. Kuongeza neno lako ilikuwa kiburi, na mwenye kiburi, walifundishwa, mauti hupiga hodi kwake. Mama mmoja aliwahi kuongeza maneno ya kumwombea ng'ombe wake mgonjwa. Akatengwa, na ng'ombe akafa. Kwamba ng'ombe huyo alikuwa anakufa tangu mwanzo, nani angethubutu kusema?

Gathoni alipokuwa na miaka saba aliteleza njiani akitoka mtoni na mguu ukavunjika chini ya goti. Boma zima lilimzunguka likatamka lile ombi la Mtumishi, neno kwa neno. Watiri naye alitamka, huku mtoto akipiga mayowe mbele yake. Mfupa ulijiunga wenyewe jinsi ulivyotaka, yaani vibaya, na tangu siku hiyo Gathoni akawa anatembea akiinama upande mmoja. Watiri alimtazama hivyo kila siku na kila siku moyo ulimuuma, lakini mdomo ulibaki umefungwa.

Sasa, lile la kucheka. Miaka saba baadaye Watiri alitumwa soko la Karatina kuuza kabichi za Boma. Akipita karibu na ngazi za daktari wa meno, nani anateremka? Mtumishi Peterson, shavu limevimba, pamba mdomoni. Waswahili husema mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa amekwenda kugangwa kule kule alikowakataza watu wake. Walitazamana. Mtumishi akatoa ile pamba, akasema kwa heshima yote iliyobaki, "Usishangae, dada. Dawa ilikatazwa kwa nyama ya mwili. Jino ni mfupa."

Watiri akacheka. Alicheka akiwa amekumbatia gunia tupu, alicheka mpaka wauza nyanya wakageuka, na katikati ya kicheko akakumbuka kwamba mguu wa mtoto wake nao ulikuwa mfupa. Kicheko kikakatika hapo hapo. Jioni hiyo alimwambia Kinuthia, "Twende nyumbani." Kinuthia akajibu kwamba nyumbani ni hapo. Watiri akamshika Gathoni mkono wakashuka wawili. Kinuthia yuko huko juu mpaka leo, na jambo hilo bado linamuuma Watiri kuliko anavyokubali kusema.

Kutoka Boma ni kitu kimoja. Kulitoa Boma ndani yako ni kazi nyingine kabisa, na haina likizo. Watiri alifungua kibanda cha chai na chapati hapo Gatitu, yeye ambaye hakuwa ameonja chai kwa miaka kumi na miwili. Kikombe cha kwanza alikinywa mlango ukiwa umefungwa, akakaa akingoja tumbo lipasuke. Halikupasuka. Akajimiminia cha pili, akaongeza sukari.

Baada ya hapo alianza kuichambua imani yake kama unavyochambua maharagwe kwenye uteo: hili linafaa, hili limeliwa na wadudu, hili ni jiwe. Mapumziko ya siku moja kwa wiki aliyabakiza, kwa sababu mgongo wake uliyapenda. Zaburi alizibakiza. Kutosalimiana na watu alikutupa, na akawa anasalimia hata wasiomjua. Alijaribu makanisa ya mjini, lile la ngoma na spika kubwa, lile la wazee wanaoimba polepole, kila mara akikaa nyuma karibu na mlango. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mhubiri akipandisha sauti kidogo tu, Watiri alikuwa barabarani.

Lililobaki gumu ni kuomba. Ombi la Boma hakulitaka tena, na lingine hakuwa nalo. Kila alipotaka kumwambia Mungu neno lake mwenyewe, mauti ya mwenye kiburi yalimjia akilini. Hivyo aliishi na Mungu kama majirani waliokosana: anajua yuko, anaona taa yake, hawazungumzi. Na maziwa ya Wangechi yakaendelea kulindwa.

Mwaka huu Gathoni, ambaye sasa ni msichana wa miaka kumi na tisa anayesomea ushonaji, alikwenda kumwona daktari wa mifupa katika hospitali moja ya mjini. Daktari akasema mguu unaweza kunyooshwa. Wataukata mfupa pale ulipojiunga vibaya, waupange upya, waufunge kwa chuma. Gathoni alirudi kibandani akiwa amefurahi hata akasahau kukaa. Watiri alimkumbatia, akasema ni habari njema sana, kisha akaingia nyuma ya pazia. Akili yake ilijua daktari ni daktari. Miguu yake ilikuwa bado ya Boma, na ilimwambia kwamba atakayelazwa kwenye meza ile hataamka.

Asubuhi ya upasuaji walikuwa watatu wodini, Gathoni kitandani amevaa gauni la hospitali, Watiri upande mmoja, na Wangechi upande mwingine na chupa ya uji. Nesi akaja na kitanda cha magurudumu.

"Haya Gathoni, tunaenda. Mama, mko na dakika kidogo tu."

"Hatuwezi kwenda hivyo bila maombi," alisema Wangechi, na tayari alikuwa amepandisha mikono ya sweta. "Mama Gathoni, wacha niombe mimi. Mimi niko na maneno."

Hilo lilikuwa kweli. Wangechi ana maneno ya kutosha kata nzima. Watiri akashusha pumzi na kurudi nyuma hatua moja, akitafuta kwa macho jambo la kufanya, maji ya kumwaga, shuka la kukunja.

"Hapana, anti," Gathoni akasema. "Asante, lakini nataka mum."

"Mimi?" Watiri aliuliza, kana kwamba kulikuwa na mama mwingine.

"Niko na uoga, mum. Niombee wewe."

Basi mahali pa kukimbilia hapakuwa. Jikoni palikuwa mbali, na mtoto wake alikuwa amemshika kidole. Watiri alifumba macho, akajikaza kisabuni, na mdomo, kwa kuwa haukuwa na njia nyingine, ukashika ile ya zamani.

"Bwana wa Mlima," alianza, na viganja vyake vikainuka vyenyewe, "tazama wateule wako, uliowaosha, wasioguswa na mkono wa tabibu. Nao waliokimbilia sindano..."

Alilijua linalofuata. *Nao waliokimbilia sindano, uwaache katika njia yao, na mlango wako ufungwe nyuma yao.* Alikuwa amelitamka hilo asubuhi na jioni miaka kumi na miwili, na sasa lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, juu ya kitanda cha mwanawe. Alisikia kidole chake kikibanwa. Gathoni naye alilijua linalofuata.

Nesi alikohoa kidogo. Wangechi alifungua jicho moja.

Watiri akashusha viganja. Akamshika Gathoni mkono kwa mikono yote miwili, akafumbua macho, maana aligundua kwamba kuyafumba kunamrudisha Boma.

"Mungu," alisema, na sauti ikakwaruza. "Huyu ni Gathoni. Huyu ni msichana wangu. Mguu wake ulivunjika akiwa mdogo na mimi nikasimama tu. Kama uko na hasira, hiyo ni yangu na wewe, tutaongea siku ingine. Usiweke kwa Gathoni. Daktari asitetemeke mkono. Gathoni aamke. Unirudishie Gathoni." Akatafuta neno jingine, akakosa. "Ni hayo tu."

Alisahau amina. Nesi ndiye aliyeisema, kisha akakisukuma kitanda wakaenda.

Watiri alikaa kwenye benchi la ukumbini akingoja kupigwa. Nasema kweli, alingoja. Alikuwa ameongeza maneno yake, tena si mawili matatu, alikuwa ameyatupa yote ya Boma na kuweka yake tupu, na alijiuliza mauti yangeanza na nani. Wangechi alimmiminia uji.

"Kumbe ndio maana ulikuwa unakimbia jikoni," alisema.

"Ndio maana."

"Na mimi nikidhani ati hupendi vile naomba."

"Hiyo pia," alisema Watiri, na wote wawili wakacheka chini chini wakiziba midomo, maana hospitali ni hospitali.

Daktari alitoka akivua kofia. Alisema mfupa umekaa vizuri, damu haikupotea nyingi, binti ataamka wakati wowote. Watiri alimshukuru, akamshukuru tena, akamshukuru na mfagiaji aliyekuwa anapita. Kisha akaketi. Hakupigwa. Alikuwa amesema na Mungu kwa kinywa chake mwenyewe, maneno ya kukwaruza yasiyo na mpangilio, na mbingu ziko pale pale na mtoto yuko hai. Alilia bila kujificha. Akajiambia kwamba kuhusu Mungu bado hajui mengi, ila hili moja sasa analijua: Mungu anaweza kuambiwa jambo, na asikasirike.

Gathoni alipoamka kabisa, mguu ukiwa umefungwa bandeji nene, aliomba maji. Watiri alimlowesha midomo kwa kitambaa kama nesi alivyomwelekeza.

"Mum, ulinitaja jina."

"Nikakutaja wapi?"

"Kwa ile maombi." Sauti yake ilikuwa bado nzito kwa usingizi. "Kule Boma tuliomba asubuhi na jioni, miaka yote hiyo. Hata ile siku ya mguu. Hakuna mtu aliwahi kumwambia Mungu ati kuna mtu anaitwa Gathoni."

Watiri alikiweka kando kile kitambaa. Halafu akavuta kiti karibu na kitanda.

"Sasa anajua," alisema.