Korosho Iliyobaki Peke Yake

Juzi binti yangu alinisomea kwenye simu kwamba imepatikana namba kubwa mno, yenye mamilioni ya tarakimu, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikasikia harufu ya mabibo yaliyochacha uani kwa bibi, kijijini Makote.

Mchana mmoja wa utoto wangu malori ya wanunuzi binafsi yalinguruma barabarani, nami nilikuwa mkekani nikipanga korosho kumi na tatu. Mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, ikabaki moja. Nne nne, vilevile. Nikaamini ni ya Somoe, dada yangu tuliyemzika kabla ya mavuno, maana kila tulipokula bibi alimtengea tonge la ugali. Nilimwonea huruma, nikaiongezea mwenzake.

Bibi akanishika mkono. "Iondoe, mjukuu wangu. Unamwitia nani amfuate?"

Ndani, mdogo wangu alikuwa akikohoa.

Leo najua kumi na tatu ni namba tasa tu. Binti yangu anasema namba hizo hazina mwisho. Ukipata kubwa, mbele yake ipo nyingine.

Jana nilianika korosho, nikazipanga mbili mbili, ikabaki moja. Nilikuwa na nyingine mfukoni. Sikuitoa.