Nilimuzuiza Mushonaji Wangu Kupanda Treni, Ju ya Robe

Ni mimi. Musitafute mwingine. Hii kosa sikutumwa na muntu, sikutumwa na shetani. Niliifanya na akili yangu yote, na meno inje.

Leo niko na bajukuu. Kwa bwana yangu, kwa padiri, kwa nani, sijaisema hata siku moja. Acheni niiseme hapa, kwa benye hawanijue.

Ni ile mwaka bantu ba Kasai balikuwa banafukuzwa huku kwetu Lubumbashi. Banavunja nyumba zabo muchana kweupe, vijana banaimba. Mimi mwana wa hapa, dactylo, mwenye kupiga barua na mashini, mu biro moja ya mujini, hakuna mwenye aliniuliza kitu. Lakini biro nayo ilikuwa inaanguka. Kila mwezi banaita bantu, banabaambia bakae nyumbani. Na directeur mupya, mukubwa wa biro, alikuwa anafika lundi, siku ya jumatatu.

Nikajiambia: nikivaa muzuri, hatanitoa mu kazi. Upumbafu gani!

Nilikuwa na foto ya mama yangu akiwa kijana, amevaa robe, gauni ya zamani ya mu biro: kola ndogo ya kulala, kiuno kimekazwa, chini inafunguka kufika ku magoti. Ah, mama alikuwa anapendeza! Mimi na tumbo yangu ya mimba tatu, nilitaka ile robe inifichie yote.

Mu Kampemba muzima, mutaa wetu, mwenye kuweza ile kazi alikuwa mumoja, jirani yangu Yaya Tshiala, Mukasai, kwangu kama dada mukubwa. Yeye anaangalia foto, anaangalia kiuno chako, anakata kitambaa. Basi. Mashini yake ya kushona aliiweka kwangu, ju nyumbani kwake bangeiiba. Bwana yake na batoto batatu balikuwa banalala ku gare, stesheni ya treni, na mizigo, banangojea treni ya kubarudisha Kasai. Yeye muchana anakuja kunishonea, jioni anarudia kulala nabo.

Vendredi, siku ya ijumaa, saa sita ya muchana, ndugu yangu mumoja mwenye kutumika ku gare akanipitia mu biro. "Treni ya Kasai inatoka kesho asubuhi. Ambia mwenzako."

Nikafika nyumbani. Robe haina mikono!

"Mudogo yangu," Tshiala akaniuliza, "ku mujini banasema nini ya treni?"

"Treni? Mpaka wiki yenye kuja, yaya. Lala hapa, umalize mikono."

"Mutoto wa mwisho iko na homa. Afazali niende."

"Si baba yabo iko pale? Utaenda kesho!"

Bongo, uwongo mutupu, na nilikuwa ninacheka. Aliniamini, ju mimi njo wa biro, mwenye kusikia habari. Akalala. Ile mikono aliishona vizuri sana, na akaongeza pli mbili, mikunjo ya kitambaa, mbele, bure, eti nionekane mwembamba.

Kesho yake muchana akaenda ku gare. Pahali bwana yake alikuwa analala, akakuta bantu bengine. Bakamwambia: alikungojea mpaka treni ikaanza kutembea, bantu banasukumana, akapanda na batoto.

Lundi nilivaa. Directeur akanisifu mbele ya bote, benzangu banazunguka banashika kola. Nilibaki mu kazi. Miezi mine! Kiisha biro ikafungwa, tukatoka bote, benye kuvaa muzuri na benye kuvaa mubaya.

Lakini ngojeni. Kabla ya treni ingine kufika, mutumishi mumoja wa reli akarudi na habari. Kale katoto ka homa kalikufia mu wagon. Kasichana ka miaka tatu. Balikazika pembeni ya reli, hawakujua hata jina ya pale pahali.

Tshiala alikaa chini mu parcelle yangu, inje ya nyumba. Akauliza tu: "Aliniita?"

Yule mwanaume akainamisha kichwa. "Alikuita, mama."

Na mimi nilisimama pale, na nikanyamaza! Mungu wangu, nilinyamaza!

Siku yake ya kuondoka nilimusindikiza ku gare, nimemubebea mashini. Akanikumbatia mbele ya bantu. "Bengine balitufukuza, weye ulinilalisha kwako. Mungu akulipe, mudogo yangu."

Nikajibu: "Amina." Kinywa gani hii!

Banamuke ba mu mabiro, muvae. Robe za zamani zinapendeza, sitasema hapana. Lakini muntu akikuuliza neno, na uhai wa batoto bake iko mu ile neno, umujibu pale pale, hata kama haja yako itaharibika. Usimufiche hata saa moja. Mutoto wa mwenzako anaweza kufa mu ile saa.

Na weye, yaya, kama ungali muzima na muntu anakusomea hii: nilijua. Tangu saa sita ya vendredi, nilijua.