Nilikuwa Espagne Huku Mama Yangu Ameketi Kwenye Ngazi Zangu

Usinionee huruma mapema. Kosa hili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, na hakuna aliyenisukuma. Jina langu silitaji kwa sababu wengine katika familia bado wanaamini kwamba napenda sana bahari ya Espagne, yaani Hispania.

Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi hapa Bruxelles, Ubelgiji, mtaa wa Saint-Josse, ghorofa ya tatu, mimi na binti yangu wa miaka sita. Kazi yangu ni kutunza wazee. Mama yangu na yaya, yaani dada yangu mkubwa, walitolewa kambi ya wakimbizi wakapelekwa Amerika, mji wa Phoenix. Tangu tuachane kule kambini nilikuwa sijamwona mama ila kwenye simu. Binti yangu hakuwahi hata kumshika mkono bibi yake.

Bon. Tuna grupu ya familia kwenye simu. Ikifika Julai, wee acha tu! Wa Dallas wako Cancún, na makofia yao ya majani. Wa Seattle wanapanga Hawaii. Wa Chicago wanasema wao wanasubiri baridi ianze ndipo wakimbilie Florida. Wa Phoenix, joto likiwachoma, wote mbio San Diego kwenye maji. Nilijua vacances, likizo zao, za Amerika mji kwa mji kuliko ninavyojua vituo vya metro ya hapa. Halafu binamu yangu wa Dallas ananiuliza mbele ya wote: "Na weye wa Bulaya, unaendaka wapi?"

Ningesema nini? Kwamba matembezi yangu ni kwenda maduka ya Chaussée de Wavre kununua sombe, majani ya muhogo? Nikaandika Espagne. Picha nikazitoa kwa mwenzangu wa kazini aliyekuwa ameenda kweli. Pongezi zikamiminika, na utamu wake, ndugu yangu, sikufichi! Mwaka uliofuata nikarudia. Baada ya hapo wala sikujiuliza tena.

Alors, mwaka jana nikatangaza kwamba tumeondoka tena kwenda Espagne na tutarudi Ijumaa. Jumamosi asubuhi niko jikoni nachemsha sombe, binamu wa Dallas akaandika kwamba wao wameongeza wiki moja Cancún. Wivu ukanishika. Nami nikaandika: "Na sisi tumeongeza wiki. Maji ni matamu!" Na picha ya bahari juu yake.

Haikupita hata saa moja nikasikia mtu anapanda ngazi polepole, anapumzika, anapanda tena. Kisha mlango ukagongwa.

"Hodi! Hodi humu!"

Mungu wangu! Sauti ya mama! Wala si ya simu, ni ya kinywa chake mwenyewe, nje ya mlango wangu.

Mwenye akili angefanya nini? Angefungua! Angepiga kelele mpaka majirani wote watoke. Mimi nilizima jiko. Nikamvuta binti yangu, nikamfunika mdomo kwa mkono.

Simu ikatetemeka, ni yaya anapiga. Nikaiacha. Halafu nikamsikia kule nje akimsomea mama: "Maman, anaandika eti baliongeza wiki moya kule Espagne. Ni leo asubuhi anaandika."

Mama akasema: "Ah bon. Acha apumuzike. Anatumikaka kazi sana, ule mutoto. Tuikale hapa kidogo, miguu inaniuma."

Wakaketi kwenye ngazi. Mama yangu, aliyeruka bahari nzima, ameketi kwenye saruji, na mimi niko hatua mbili tu kutoka kwake. Nilishika ufunguo, nikauacha, nikaushika tena. Kila mara nawaza: grupu nzima itanicheka. Mpaka wakainuka wakashuka.

Nilipomwachia binti yangu, aliniuliza kwa sauti ndogo: "Maman, sisi tuko Espagne?"

Jioni nikampigia yaya, najifanya kushangaa. Mko Bruxelles? Mbona hamkusema? Akanieleza kwamba walitaka kunishtua kwa furaha. "Ba Phoenix bote banaenda San Diego. Maman akakataa. Anasema bahari ya nini, munipeleke kwa mutoto yangu." Walikuwa wamepanga kukaa kwangu wiki nzima! Baada ya kusoma uongo wangu walikuwa wameshakata tiketi za treni, kesho asubuhi waende Paris kwa mjomba wetu, na ndege wameibadilisha, watarudi Amerika kutokea hukohuko. Nikasema napanda basi sasa hivi, tukutane kesho stesheni ya Gare du Midi.

Ona upumbavu wangu. Badala ya kusema ukweli, Jumapili nikachukua valise tupu, sanduku la safari, nikamvalisha mtoto kofia ya jua, tukapita katikati ya watu wa soko la pale stesheni kama tumetoka safari!

Mama akanikumbatia. Amekuwa mdogo, jamani, mama amekuwa mdogo mikononi mwangu. Tulilia wote. Kisha akainama ashike valise anisaidie. Ikanyanyuka yenyewe. Akaipima mkononi, akanitazama.

"Espagne iko mwepesi hivi?"

Nikacheka kijinga, nikasema nguo nyingine zimebaki. Hakuuliza tena. Akamgeukia mjukuu wake: "Na weye, bahari ilikuwa muzuri?"

Binti yangu alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema: "Ndiyo, koko." Siku ya kwanza kumwona bibi yake, nimemfundisha kumdanganya! Hilo mpaka leo linanitafuna.

Treni ikaja. Dakika chache pale stesheni ndizo nilizopata na mama, badala ya wiki nzima. Kuwafuata Paris sikuweza, Jumatatu nilikuwa na kazi. Likizo sikuwa nayo, kwani niliomba?

Baadaye nilimwambia mama ukweli kwenye simu. Akanisamehe palepale, na heri angenitukana. Yaya hakusema nami kwa muda mrefu. Sasa daktari amemkataza mama kusafiri kwa ndege, na mimi viza ya kwenda huko naomba, bado nangoja. Kila nikimpigia, kabla ya salamu ananiuliza: "Uko ku nyumba kweli?" Nageuza simu nimwonyeshe masufuria na dirisha. Anatazama vizuri, ndipo ananisalimia.

Wewe unayetuma picha za safari za watu ili usionekane mnyonge, acha leo hii. Waandikie jamaa zako kwamba mwaka huu uko nyumbani, atakayecheka acheke, kicheko cha watu kinaisha kwa siku mbili. Na ukisikia hodi, fungua, hata kama nyumba haijafagiliwa. Mama yangu hatapanda ngazi zile tena.