Konzi Tatu za Mchanga

Kazi yangu gerezani haikuwa na jina. Sheikh alikuwa na Ijumaa yake, padri alikuwa na Jumapili yake, na mimi, binti wa ofisi ya ustawi, nikapewa Jumatano, siku isiyogombewa na mtu. Sikuwa na msahafu wala rozari. Nilikuwa na benchi moja upenuni mwa ghala, na saa mbili za kumsikiliza mfungwa yeyote aliyetaka kusema. Askari wa zamu, mtu wa mzaha, hakuchoka kuniuliza: "Sheikh kaleta dua, padri kaleta baraka, wewe dada umetuletea nini leo?" Nikamjibu nimeleta masikio. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na kiburi cha cheti kipya. Niliamini kwamba mtu akisikilizwa vizuri, nusu ya mzigo wake umeshatuliwa.

Kati ya waliokuja kwenye benchi langu alikuwamo mtu mzima mmoja wa Mlingotini, wa umri wa kunizaa. Alifungwa mwaka na nusu kwa kuuza nyavu za ushirika wa kijiji chake. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo," na yule askari akadakia, "Mwizi naye anaamkiwa?" Mzee akaitikia marahaba polepole, macho yameangalia chini. Tangu hapo hakukosa Jumatano hata moja. Mazungumzo yake yalikuwa mamoja tu: binti yake wa miaka mitano, aliyempata ukubwani baada ya kungoja sana. Mtoto huyo, alisema, hakubali samaki mpaka baba mtu amtolee miiba na kumlisha kwa mkono wake. "Sasa sijui nani anamtolea miiba," aliniambia, na mimi nikaandika daftarini kama mjinga.

Jumatano moja, kabla sijaondoka ofisini, habari ikaja. Mtoto amefariki alfajiri kwa homa, na mazishi ni baada ya alasiri. Nilikwenda moja kwa moja kwa bwana jela. Alisikitika kweli, lakini kibali cha kumtoa mfungwa kilitoka Dar es Salaam, na simu siku hiyo ilikuwa inakoroma tu. Alichoweza ni kuniruhusu nimpe habari mwenyewe.

Nilimwambia pale pale kwenye benchi. Hakulia. Nikaanza maneno niliyofundishwa chuoni, yakanikaukia mdomoni. Nikauliza kama nimwitie sheikh.

"Dua ya sheikh naijua, na itafika," alisema. "Mimi nataka mkono wangu ufike. Baba mtu hutia mchanga kaburini kwa mkono wake, konzi tatu. Wewe huwezi kwenda makaburini, najua. Lakini mtafute mwanamume yeyote, anitilie. Aseme tu, huu ni wa baba yake. Nitakuwa nimemzika mwanangu."

"Nitahakikisha," nikasema. Neno kubwa hilo, nami sikuwa na uwezo hata wa kufungua lango.

Nilipata nafasi kwenye gari la watu wa afya, nikafika Mlingotini wanaume wanatawadha. Nikamwendea mjomba wa mtoto, kaka wa mama yake, nikamweleza. Alinitazama kwa macho mekundu. "Mkono wake tunaujua. Ndio uliobeba nyavu zetu." Nikamwendea wa pili, akageuza uso. Wa tatu akaniambia kwa adabu, "Nenda kakae na kina mama, bibie." Hapo ndipo nilipotambua upumbavu wangu: nyavu zile zilikuwa za kijiji kizima. Hapakuwa na mwanamume pale ambaye hakuibiwa.

Ningeweza kupiga kelele. Niliona haya kupiga kelele msibani. Maiti ilikuwa ndogo, ikabebwa mikononi, wanaume wakaondoka nayo wakileta tahlili, na mimi nikabaki ukingoni mwa ua viatu vimejaa mchanga. Mchanga ulikuwa kila mahali.

Jumatano iliyofuata alikuwa ameshakaa kwenye benchi kabla yangu.

"Ulifika?"

"Nilifika."

"Na mkono wangu?"

"Alikuwapo mtu," nikasema. "Alikutilia. Konzi tatu."

Ndipo akalia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na askari wetu wa mzaha akaangalia pembeni. Nilijiambia huo ni uongo wa huruma. Lakini kila wiki alimtaka yule mtu. Ni nani? Nikasema sikumuuliza jina, ni mgeni kutoka Miono. Yukoje? Mrefu, nikasema, mwenye kanzu ya zamani. Alianza kumwita ndugu yangu. Alinenepa kidogo. Niliogopa kila nilipomwona ananenepa.

Njia ya mwongo ni fupi. Alipomaliza kifungo alikuja ofisini kwangu asubuhi, shati limefuliwa, jogoo kwapani amefungwa miguu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa anatabasamu. "Nimetoka Mlingotini. Mke wangu wamemficha, na kaburi hakuna aliyekubali kunionyesha. Lakini haidhuru, si yupo yule ndugu yangu wa Miono? Nipeleke kwake. Jogoo huyu ni wake, kumshukuru. Yeye atanionyesha alipotia mchanga."

Nilifikiri kusema amehama. Nilifikiri kusema amekufa, na Mungu anisamehe, hilo nilikaribia kulisema. Kisha nikamweleza yote, nimesimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikiliza mimi.

"Hata mmoja hakukubali?"

"Hata mmoja, baba."

Akamweka jogoo sakafuni taratibu, asimuumize.

"Sasa kaburi la mwanangu atanionyesha nani?"

Jogoo alikuwa anapigapiga mbawa miguuni petu.