Presha Alipoitwa Kantini

Karakana nzima ilimwita Presha, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima valvu za visima vya mafuta. Anaifunga valvu kwenye mashine, anaishindilia maji, kisha anaangalia kama inavuja. Watu walitania kwamba yeye mwenyewe hana presha hata chembe. Mdogo wake wa kiume alichomelea vyuma hapo hapo. Dada mtu ndiye aliyemwombea kazi.

Bei ya mafuta ikaporomoka, oda zikakauka. Ukaanza mnong'ono wa kupunguzwa watu, na lisemwalo lipo. Asubuhi moja msimamizi akapita akiwagawa mafundi: wewe kantini, wewe stoo. Presha akapelekwa kantini, mdogo wake stoo.

Kantini kulikuwa na chai ya moto na viti vimepangwa vizuri. Stoo hapakuwa hata na pa kukaa. Presha akaona mambo wazi: wa stoo ndio wanaokwenda na maji. Akamkimbilia mdogo wake uani, akamshika mkono.

"Usijali, mdogo wangu. Mimi nipo. Wanao hawatalala njaa."

"Asante, dada," akajibu mdogo wake.

Presha aliporudi kantini, meneja aliingia, hakukaa. "Ninyi nyote mliomo humu, leo ndiyo siku yenu ya mwisho."

Presha akageuka nyuma kutazama anaambiwa nani. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Valvu yangu iko kwenye mashine," alisema. "Imejaa presha. Nani ataishusha?"

"Achana nayo, mama."

"Itamuumiza mtu!"

Walinzi wakawaongoza moja kwa moja hadi getini. Alitoka na ovaroli, viatu vyake vya nyumbani vikabaki kabatini. Akiwa amesimama nje ya uzio, akamwona mdogo wake akitoka stoo, kicheko mpaka jino la mwisho, akimtafuta dada yake ampe habari njema. Macho yao yakakutana. Kicheko kikakatika.

"Dada, unafanya nini huko nje?"

"Kaishushe presha ile valvu, polepole! Usisimame mbele yake!"

Akaenda mbio.

Jioni alikuja kwa dada yake na vile viatu. "Valvu nimeishusha salama. Kesho naacha kazi."

"Uache, halafu? Tukae wawili tukitazamana?" Akavipokea viatu, akamwambia kesho awahi kazini.

Ilipita miezi kabla karakana ya pampu za maji haijamchukua Presha, tena kama kibarua. Akampigia mdogo wake simu akiwa bado njiani: "Nimepata kazi, mdogo wangu. Mimi nipo."